Namba Iliyokuwa ku Jina la Mama Yenu

Délice na Concilie,

Leo nimefanya ujinga. Musinicheke mbele ya kumaliza kusoma.

Sombe iko mu nyungu, muipashe moto. ~~Mufunge kuku.~~ Kuku nimeshafunga miye mwenyewe.

Asubuhi nilienda ku biro ya simu, hapa Mulongwe, juu ya ile meseji: wezi wa mutandao wamezidi, kila mwenye namba aje aweke kidole ku mashine, ijulikane ni yake. Munajua namba yangu iliandikwa ku karte ya uchaguzi ya mama yenu, kwani yangu ilienda na maji ya mafuriko. Kijana wa mashine akauliza: «Papa, mwenye namba iko wapi?» Na huu mdomo wangu: «Amelala, mwanangu, mpaka parapanda ilie.» Watu ku mustari wakacheka. Yeye hakucheka. «Alikufa? Basi namba ya mufu tunafunga.» Akabonyeza, ikaisha.

Namba si kitu. Lakini kaka yenu Irakoze, kule Lusaka, anajua ile tu, na anapiga na simu za kuazima. Jumapili tuligombana, nikamukatia simu. Sasa akipiga atasikia haipatikane, atawaza baba yake amemufungia mulango.

Ninaenda Lubarika kwa rafiki yangu Ngendakumana, labda mwana wake wa kule Lusaka anajua penye Irakoze anakaa. Nyinyi muko na Facebook, mumutafute. Mumwambie si miye niliyeifunga namba. Nimeacha nafasi chini ya karatasi: mwenye kumupata, aniandikie hapa, hata neno moja.

Papa yenu