Waliokuja Kulilia Kidole

Jumamosi. Mvua ya tangu alfajiri imelifanya ziwa kuwa rangi ya maji ya kuloweka mihogo. Nimeoga, nikaoga tena, na bado najisikia mchafu.

Nina kinyaa. Neno jingine sina.

Mwanangu Furaha amelala hapa pembeni, mguu wake wa kushoto umefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya mto. Ana miaka minne. Alizaliwa na vidole viwili vya mguu vilivyokua haraka kuliko mwili wake wote, na kufikia mwaka jana hakuna kiatu kilichomwingia, alitembea akiukokota. Huko Lusaka, daktari amekikata kimoja, amepunguza nyama ya kile kingine na kuufunga mfupa wake usirefuke tena. Alisema Furaha atakimbia. Nililia mbele yake bila aibu.

Jana tulirudi Nchelenge. Mjinga mimi, nilidhani nimekuja na habari njema.

Leo asubuhi, kabla sijabandika hata maji ya chai, alikuja mulamu wangu, mdogo wa mume wangu, pamoja na wavuvi wenzake wa Kabuta. Mume wangu yuko Lubumbashi kikazi, kwa hiyo mulamu ndiye mwanaume wa nyumba, au ndivyo anavyojiona. Wote waliingia wamevua kofia. Wakakaa chini kwenye mkeka, kimya, mikono mashavuni, na mmoja akaanza kufuta macho. Nikajua kuna mtu amezama. Nikauliza ni nani amefariki.

Kumbe msiba ulikuwa wa kidole.

"Pole sana, Mama Furaha," mulamu alisema. "Ziwa itafunguliwa juma ijayo, na nyavu za mupya hakuna mutu wa kuzikanyaga."

Sikumwelewa. Akanieleza, tena bila haya yoyote. Kila mwaka, marufuku ya uvuvi inapokaribia kwisha na nyavu zimeshonwa, alikuwa akimchukua Furaha "kutembea" wakati mimi nipo sokoni nauza chisense zangu, dagaa wa ziwa hili. Ufukweni walitandaza nyavu mpya, wakamtembeza juu yake na ule mguu, kisha kila mmoja akaugusa kabla ya kusukuma mtumbwi majini. Wanaamini kitu kinachokua bila kukoma huita samaki wasiokoma. Kapu la kwanza la samaki lilikuwa la mulamu. Wanasema kufa kufaana, kumbe hata mguu wa mtoto mgonjwa hufaana.

Na mimi nilikuwa namshukuru! Kila nilipotoka sokoni nilimwambia asante kwa kunitunzia mtoto, nikampakulia bukari na mboga, akala akashiba. Huyu ndiye anayeimba besi kanisani kila Jumapili, macho amefumba.

Nilidhani amemaliza. Akajisogeza karibu, akashusha sauti.

"Sasa ile kidole muliacha wapi? Munaachia banganga ba Lusaka kitu ya jamaa? Mungeileta, tungeikausha, tuifunge ku mutumbwi."

Tungeikausha.

Mate machungu yalinijaa mdomoni. Nimekausha samaki maisha yangu yote, najua kazi ile, najua harufu yake, na kwa muda nilikiona kile kidole cha mwanangu juani, juu ya mchanga, na nzi. Wale wengine walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, kwa upole kabisa, na huo upole wao ndio ulionichefua zaidi.

Ndipo Furaha akaamka.

Aliwaona, akatabasamu. Akafunua blanketi mwenyewe, akaushika mguu kwa mikono yote miwili, akauinua na bandeji yake, akawanyooshea. Alikunja uso kwa maumivu lakini hakuushusha. Aliwasubiri.

Hakuna aliyeugusa. Wakaangalia pembeni. Aliyekuwa karibu naye akajivuta nyuma.

Hospitali alilia kwa sababu ya sindano, nakijua kilio kile. Hiki alicholia leo sijawahi kukisikia.

"Mama, juu ya nini habaguse tena?"

Nilisimama, nikafungua mlango wote. "Mulamu, mutoke. Na siku utamugusa mutoto wangu tena, utanijua mimi ni nani." Walitoka kwenye mvua. Mulamu alisema sina adabu na kwamba atampigia kaka yake simu. Apige. Nitaongea kabla yake.

Nakiri ninaogopa. Nyavu zao zikitoka tupu wiki ijayo, najua watasema ni nani aliyewafunga. Tunaishi humu humu, tunateka maji kwenye kisima kimoja. Lakini woga wangu ni mdogo kuliko kinyaa changu. Mkeka walioukalia nimeutupa nje.

Daktari alinifundisha kubadilisha bandeji, kuosha kidonda, kumwangalia kama ana homa. Kwa hili lingine hakunifundisha kitu, angejuaje? Mtoto amekaa siku nzima bila kula. Jioni aliniuliza kama munganga wa Lusaka anaweza kukirudisha kidole chake. Nikasema hapana, mama, hakirudi.

Kisha akasema nimpeleke ufukweni, akawaombe msamaha.

Heri ziwa likauke.