Mkoba Mapajani mwa Mama

Kwako dada yangu mpendwa,

Hamjambo huko? Wapwa zangu bado wanagombea bafu kila asubuhi? Shemeji nitamuulizia mwishoni, nina sababu. Huku sisi wazima, ila donge limenikaa rohoni, nisipokwambia wewe nitapasuka.

Nilikwambia kliniki yetu imeajiri daktari mwingine wa meno, mwanadada wa chumba kinachotazamana na changu. Wagonjwa wamembandika jina la Taratibu. Basi siku hizi benchi la mlangoni kwake limejaa, langu limebaki na magazeti. Hata wagonjwa wangu wa zamani wananipita wakijifanya wanakohoa. Ati ana mkono mwepesi! Mkono gani, dada? Nimemchungulia, anaongea tu. Akiona mtu kaking'ang'ania kiti, anaweka sindano chini, anamwambia ukweli kwamba itachoma kidogo, na akitaka kupumzika anyanyue mkono, ataacha papo hapo. Mimi humwambia mtu haiumi, namaliza kazi. Nikawa namsema kwa wauguzi kuwa anapoteza muda.

Sasa sikia. Jino la nyuma la mama linamsumbua tangu mwaka jana. Kila nikimkalisha kwenye kiti changu anaanza vichekesho: nimenawa kweli, au jino nitaliuza kwa kilo? Mkoba wake naupokea, nautundika ukutani, tunacheka mpaka mbavu zinauma, kisha anasema jino limepoa, huyo anakwenda zake. Nami nawatambia wagonjwa waoga kwamba mama yangu mzazi haogopi kitu.

Jumanne niliingia kwa Taratibu kuazima koleo. Nani yuko kwenye kiti? Mama! Amekuja bila kuniambia. Mkoba ameukumbatia mapajani, mkono mmoja juu, analia kama mtoto. Taratibu amekaa pembeni yake, hana kifaa chochote mkononi, anamsubiri. Nikarudi nyuma, nikafunga mlango. Wivu ulinishika, dada. Mama yangu!

Jino likatoka. Baadaye nikamvaa Taratibu, nikamuuliza amemlisha nini mama yangu. Akanijibu kwa upole kwamba wapo wanaoogopa kwa kutetemeka na wapo wanaoogopa kwa kuchekesha. Alimwona mama anatania huku mkoba hauachii, akamwachia mkoba wake, akamuuliza anaogopa nini. Nikaenda kwa mama, nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

Akasema, "Mwanangu, umeshawatangazia watu kwamba siogopi. Ningekuaibishaje?"

Nikuambie la moyoni: Taratibu simwonei wivu tena kwa lile benchi. Namwonea wivu wa yale machozi. Mimi mama alinipa vicheko tu, nami nikaridhika.

Ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu, kila nikimuulizia shemeji, unanitolea kichekesho, tunacheka mpaka nasahau kwamba hukunijibu. Safari hii nauliza kwa maandishi, na jibu lake chukua muda wako, nakusubiri.

Dada, shemeji hajambo?

Wabusu wapwa zangu. Mama anakusalimu, uvimbe wa shavu umeshuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba