Mkaguzi Kaachiwa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Chumba kiko juu ya duka la rangi, kinanuka rangi mpaka kwenye mto. Kitanda kimoja, kiti kimoja, msumari mmoja wa kutundikia nguo. Msumari wa pili wameona nitadeka!

Ukumbi nilioitwa kuushonea nimeuona kwa nje tu. Madirisha marefu ajabu, na yote yanataka mapazia kabla ya ufunguzi. Kazi ya maana. Nimeitamani kazi kama hii tangu nimeshika cherehani. Basi kwa nini njia nzima nimewaza samaki?

Funguo nimemwachia wifi. Dada mkubwa wa marehemu mume wangu, anakaa mtaa wa nyuma. Hatujaongea vizuri tangu msiba. Siku ile nyumba imejaa watu, nikainuka kwenye mkeka nikaenda kumpa Mkaguzi chakula chake. Wifi akasema kwa sauti, wote wasikie: kaburi la mdogo wangu halijakauka, mwenzetu anahudumia samaki! Tangu hapo ni salamu na kwaheri.

Lakini ningemwachia nani? Jirani wa mlango wa pili alihama. Aliyehamia simjui hata sura. Nilimwomba wifi kwa sababu sina mtu mwingine. Haya, nimeandika.

Mkaguzi aliletwa na mume wangu kwenye mfuko wa plastiki, mdogo kama kidole. Akampa jina hilo kwa sababu hatulii, anakagua kioo cha tangi pembe hadi pembe kutwa nzima. Wenzake wamekufa mmoja mmoja. Sasa ni mnene, rangi ya chungwa lililoiva, jicho moja limefifia. Akifa nikiwa huku, siku nitakayorudi sitakuwa na wa kumwambia nimerudi.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kapiga. Nikajua tayari, kafa.

Kumbe ana malalamiko! Kabla sijaondoka nilimfungia chakula cha kila siku kwenye kikaratasi chake, nikakisokota vizuri, ili asipate shida ya kupima. Sasa ananiuliza: wifi, hiki ni chakula au ni dawa? Hata sisimizi hashibi.

Amefungua viwili. Jana pia viwili. Anasema Mkaguzi anamfuata kwenye kioo, mdomo wazi, anamkodolea lile jicho lake zima. Mtu akikuomba namna ile utamnyima?

Nikamwambia huyo anaomba hata akiwa ameshiba, ndiyo tabia yake. Kimoja tu kwa siku, tafadhali.

—Wewe mkono wa birika mpaka kwa samaki!

Nilikasirika. Nilipokata simu nikacheka peke yangu. Mwishoni alisema "haya." Haya ya wifi naijua, ni ile ya kukufunga mdomo.

Ijumaa, 7 Machi

Kitambaa ni kizito, sindano zinavunjika ovyo. Nashona sakafuni, ukumbi mtupu, ukipiga chafya inakurudia. Kuna fundi anayefunga vyuma vya mapazia, mrefu kiasi kwamba nusu ya kazi haoni haja ya ngazi. Namwita Twiga. Anakula upande wake, nakula upande wangu.

Msimamizi kanipitia leo. Mzuri tu, mwenye maneno mengi. Kaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema nina samaki. Akacheka sana, nikacheka naye. Halafu nikakata kipande chote upogo, nimelazimika kukirudia.

Jioni nikampigia wifi mwenyewe. Maji vipi?

—Maji mazuri. Yamekuwa kama yale ya kuoshea mchele, lakini mazuri.

Ya kuoshea mchele! Chakula hicho, kimebaki chini kinaoza. Nikamweleza polepole: punguza maji kidogo, ujaze ya ndoo niliyoyaacha yametulia jikoni, yasiyo na dawa ya bomba. Na kesho asile kitu.

Akashtuka: nimshindishe njaa? Mimi? Nyumbani kwa mdogo wangu?

Nikasema ndiyo, wifi, mshindishe. Sijui kama amenielewa. Nimekaa dirishani mpaka duka la chini likafungwa. Watu wanapita na mifuko yao, wanaitana, wanaelekea makwao.

Jumapili, 9 Machi

Siamini.

Kapiga asubuhi, sauti ya furaha kabisa. Ana habari njema! Jana alikwenda na ndoo zake na brashi yake. Mkaguzi kamweka kwenye beseni la nguo. Maji yote kayamwaga. Kokoto kaziosha kwa sabuni. Na sponji ya chujio—ilikuwa chafu hiyo, wifi, unaishije na uchafu ule?—kaisugua kwa sabuni mpaka ikawa nyeupe. Kisha kajaza maji mapya ya bomba mpaka juu. Kioo kinang'aa, anasema. Mdogo wangu angekiona angefurahi.

Nilipiga kelele. Wa chini dukani lazima walisikia. Nilimwambia uchafu ule kwenye sponji ndio unaosafisha maji, vijidudu vyake vinakaa mle, sasa umeviua vyote! Samaki ataogelea kwenye mkojo wake mpaka afe! Nani alikutuma? Nilikutuma mimi?

—Nilitaka ukirudi ukute pasafi.

Akakata.

Ni mkubwa wangu yule. Kanizidi miaka, kamlea mume wangu mgongoni. Na nimemfokea kama mtoto aliyevunja sahani.

Jumatatu, 10 Machi

Simu inaita. Hapokei.

Jumanne, 11 Machi

Hapokei.

Nimemwomba msimamizi ruhusa, niende nyumbani na kurudi. Uso ukabadilika. Dharura gani, mgonjwa? Nikaanza kuokota pini sakafuni. Akasema mama, ufunguzi ni wiki ijayo, ukiondoka sasa itabidi nimtafute fundi mwingine. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Twiga alikuwa anasikia. Akaniuliza, nikamweleza, sijui kwa nini nilimweleza. Akasema si ununue mwingine tu, samaki wako wengi.

Nikamuuliza: na mke wako? Wanawake si wako wengi?

Akapanda ngazi yake. Baadaye kaja kimya kaniwekea chupa ya maji karibu na cherehani. Sikumshukuru.

Chumbani nimewasha redio ya simu, nimeizima. Sitaki wageni waniongeleshe. Nataka mtu mmoja apokee simu.

Jumatano, 12 Machi

Kapokea!

Yuko kwangu. Kumbe amekuwa akienda kila asubuhi na kila jioni. Hakutaka tu kusemwa, anasema, nimesemwa vya kutosha na mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, sasa nisemwe na wifi?

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa kweli, si ya mdomoni. Akasema yaishe, haraka haraka, kwa sababu ana jambo.

Mkaguzi yuko juu ya maji, anatweta. Chakula kimepita puani mwake hakukigusa.

—Haniombi tena, wifi.

Sauti yake ilikatika. Sijawahi kumsikia hivyo. Hata msibani alikuwa anatoa amri, nani apike, nani akae wapi. Akaniambia: nikimuua huyu utasema nimekutia msiba wa pili.

Tukapanga. Atatoa maji kidogo kila siku, atajaza yaliyotulia ndooni. Asimpe chakula chochote. Pampu ya hewa isizimwe hata dakika, maana hewa ile ndiyo inayomshikilia. Akarudia kila neno, safari hii "haya" yake ilikuwa nyingine.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kakagua pembe moja! Wifi kapiga saa ya kazi kunipa habari, nikapokea na pini mdomoni. Kaenda mpaka pembeni, kagusa kioo, karudi. Bado anatweta, lakini kaenda.

Mapazia ya upande wa kulia yametundikwa. Twiga alivuta kamba, yakafunguka yote kwa pamoja, yakateremka bila kujikunja hata pindo. Akanipigia makofi. Mimi pia nikajipigia. Nilitaka kumweleza mtu. Nikaanza kumpigia wifi, nikaona aibu, nikaacha. Ataona nampigia kwa nini, wakati habari za samaki amenipa?

Jumamosi, 15 Machi

Naandika simu ikiwa mezani, spika imewashwa. Niandike tu, mikono ikikaa bure nitaruka dirishani.

Leo tumeruhusiwa mapema. Nimeingia tu chumbani, wifi kapiga, anahema. Umeme umekatika mtaa mzima. Pampu imezima. Mkaguzi kalala ubavu juu ya maji.

Nikamwambia chukua kikombe. Chota maji humo humo tangini, inua juu, mwaga. Tena. Yakianguka yanaingia na hewa. Usiache.

Simu kaiegemeza kwenye kioo, kando ya pampu, ili apate mikono yote miwili. Namsikia. Chwaa. Chwaa. Chwaa.

Mwanzoni ni kazi tu. Mimi namuuliza: vipi? Yeye: mapezi yanacheza. Basi. Chwaa. Tena namuuliza. Mapezi yanacheza.

Halafu akaanza mwenyewe. Unajua mdogo wangu alikuwa anaogopa kuku? Nikasema muongo wewe! Haki ya Mungu, anasema, mpaka alipoanza shule. Kuku wa jirani walikuwa wanakaa njiani, ilibidi nimfunike macho kwa khanga, nimvushe. Akisikia kuku, analia ndani ya khanga, na mimi namwambia ni bata huyo, ni bata.

Nimecheka mpaka machozi. Miaka yote ile kitanda kimoja, mume wangu alikuwa hali kuku, ananiambia nyama yake inamkwama kooni!

Akacheka na yeye, maji yakamwagika nje, nikasikia anatukana zulia langu. Kisha akasema, bila kusita, kikombe kikiendelea: siku ile ya msiba nilikuonea. Nilikuona umeinuka kwenda kwa samaki wako, nikajua wewe una kitu cha kuhudumia. Mimi yule ndugu yangu ndiye niliyekuwa nikimhudumia, na wameshamzika. Niliumia, nikakupiga kwa maneno.

Nikasema, wifi. Akasema najua, najua, usinilizie hapa, nina kazi.

Sasa anasimulia siku mdogo wake alipomjia kumwambia kapata mchumba. Alivaa shati la harusi ya watu, anasema, kaliazima. Kasimama mlangoni, kaona haya kuingia. Dada, nimempata fundi cherehani, mzuri, lakini mkali kidogo. Nikamuuliza mkali vipi? Akasema—

Hapo kasita, abadilishe mkono.

Na kwenye kile kimya nimesikia. Ule mngurumo mdogo, wa puani. Nimelala nao ukuta wa pili miaka yote, siwezi kuukosea. Pampu! Umeme umerudi!

Yeye hajui. Ameshaanza tena, maji yanampigia kelele sikioni, povu limejaa tangi zima, la pampu na la kikombe utalitofautishaje? Taa mchana huu hakuna aliyewasha.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Nikimwambia atafuta mikono. Atasema Mungu mkubwa, haya wifi, tutaongea. Atafunga mlango wangu, atashuka ngazi, na mimi nitabaki na harufu ya rangi.

—Wifi, upo? Bega linaniuma. Nimwage bado?

—Mwaga kidogo tu, nimemwambia. Alisema mkali vipi?