Jina Lililofunikwa

Pigüé, Ajentina
14 Agosti 2011, mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke Ufaransa

Dada yangu mpendwa Noélie,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote niambie hali ya goti lako na kile kikohozi. Huku tumo katikati ya baridi. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenikimbia, nami nitakueleza sababu.

Jumatatu alikuja Bi Lucrecia Bidegain, mwakilishi wa ofisi moja ya huko kwetu inayotafuta warithi waliopotea. Binti yangu Mirta akampa mate, ile chai chungu ya huku, akanywa bila haraka, kisha akasema kuna mtu amefariki Ufaransa na mimi ni mrithi wake. Nikauliza ni nani. Akasema natakiwa kwanza nitie saini kuwapa fungu lao, ndipo nitaambiwa aliyekufa.

Mirta akanicheka. “Baba, mtu kakuletea mali mpaka mezani, unamhoji kama polisi?”

Nikamjibu kwamba sijawahi kuona mtu akinunua msiba wake.

Nilikuwa nimesoma kwamba serikali ya Ufaransa imewabana watu hawa. Hawaruhusiwi kumsaka mrithi bila idhini ya maandishi kutoka kwa mtu anayehusika na mirathi yenyewe, na asiye nayo halipwi kitu. Nikamwomba idhini, nikiwa na hakika hana.

“Don Fulcran, wazee kumi kama wewe wangetuua kwa njaa,” akasema, akafungua mkoba.

Anayo. Ina muhuri na saini ya mwanasheria wa mji wetu wa huko, na juu ya jina la marehemu wamebandika kipande cha karatasi.

Noélie, nilitamani awe tapeli. Tapeli ningemfukuza nikaendelea na chakula changu.

Tangu hapo nakupigia simu asubuhi na jioni, inaita tu. Namba ya ndugu yetu Urbain sina. Unajua hatujasemezana tangu tugombanie shamba la baba. Mirta anasema huko ni kiangazi, labda umesafiri, na marehemu ni binamu fulani tu. Nimemwitikia.

Lakini aliyeacha watoto hurithiwa na watoto wake. Urbain anao watatu, na binamu zetu wote wanao. Kwa ajili yao nisingetafutwa. Katika ukoo wetu, asiye na mume wala mtoto ni wewe peke yako. Hili sijamwambia Mirta.

Bi Lucrecia anarudi Alhamisi. Nitatia saini, kwa sababu sina njia nyingine ya kukibandua kile kikaratasi. Barua hii itachelewa kuliko yeye, lakini naituma. Ukiisoma, nicheke upendavyo, kisha unijibu kwa mkono wako mwenyewe, hata mstari mmoja.

Mirta anakubusu, nami nawasalimu majirani wote wanaonikumbuka.

Kaka yako akupendaye,
Fulcran

Urbain, ikiwa ni wewe uliyeifungua: nyumba yake ichukue. Mimi sitarudi.