Loserian Hakuwa Amelewa

Paje, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Dada ameniambia baridi imekaza hapo Sombetini na Meru haionekani kwa mawingu, nikakuona unavyong'ang'ania kufua alfajiri. Tafadhali, uwe unangoja jua litoke. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na ndiyo maana nimeacha simu nikaandika. Kwenye simu nikifika tu kwenye jina la Loserian nalia, nawe unalia, tunakata bila kusema kitu.

Uliniambia kule msibani watu walinong'ona kwamba mtoto wa jirani yetu kauawa na pombe. Ati mlinzi wa hoteli, asiyejua hata kuogelea, angekufaje kwa mchezo wa baharini kama hakuwa amelewa? Na mama yake kayasikia. Mama, mimi nilikuwepo. Ukimaliza kusoma, nenda kwake ukamweleze.

Unajua kazi yangu ni kuwafundisha wageni kaiti. Ni tiara kubwa kuliko sebule yetu, ina kamba ndefu zinazoshikizwa kwenye mkanda kiunoni mwa mtu. Anasimama juu ya ubao, upepo unamvuta majini. Ila hatari kubwa iko mchangani, wakati wa kuirusha. Ndiyo maana tumetenga sehemu yetu mbali na kuta na njia za watu, na tunasubiriana zamu. Anayetaka kushusha hupewa nafasi kwanza, maana amechoka. Anayekushikia kaiti lazima awe anaijua, mkague kamba pamoja. Mpita njia haombwi kushika.

Jumapili ile upepo ulikuwa mkali na wanaosubiri walikuwa wengi. Akaja mgeni mmoja, mtu mzima, na kaiti yake mwenyewe. Haji, mwalimu mwenzangu, akamwomba asubiri zamu. Akajibu kwamba mchezo huu kauanza sisi tukiwa watoto, akabeba vitu vyake akaenda kutandaza mbele ya hoteli, karibu na ukuta wa mawe. Loserian alikuwa lindoni pale.

"Rafiki, nishikie hapa tu," yule mgeni akamwambia. "Nikikuonyesha dole gumba, achia."

Unamjua Loserian. Hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake msaada. Akashika.

Mimi nilikuwa na mwanafunzi, maji yametufika kifuani. Nilipoona kaiti imesimamishwa pale, nilipuliza filimbi, nikapiga kelele, "Usiachie! Loserian, usiachie!" Ufuko ulikuwa umejaa watu. Sauti yangu haikumfikia.

Dole gumba likainuka, naye akaachia kama alivyoambiwa. Kamba moja ilikuwa imejisokota. Kaiti ikapinduka, ikaenda kwa kasi upande wa nchi kavu, ikimburuta mgeni kuelekea kwa kina mama waliokuwa wanarudi na magunia ya mwani kichwani. Bi Mwanahija ndiye aliyekuwa mbele yao. Kesho yake alikuja chumbani kwangu, akaniambia: "Yule Mmasai wenu angeweza kukaa kando, mwanangu. Alikimbia akamkumbatia mgeni kwa nyuma, amzuie kwa uzito wake. Ndipo sisi tukapata kutawanyika."

Kaiti iliwanyanyua wote wawili, ikawabwaga kwenye ngazi za mawe. Mgeni alivunjika mkono. Loserian aliangukia kichwa.

Kabla ya kuondoka, yule mgeni alinitafuta, mkono umefungwa plasta. Aliuliza, "Alikuwa na mke?" Nikamjibu, "Alikuwa na mama." Akakaa chini mchangani akalia. Sikumfukuza, mama, lakini kumbembeleza pia sikuweza. Nilisimama tu hadi alipoinuka akaenda zake.

Siku hizi tumezungushia kamba sehemu ya kurushia, na mlinzi yeyote haruhusiwi kugusa kaiti. Wanafunzi wangu huchoka ninapolirudia hilo kila asubuhi. Juzi binti mmoja alicheka, akasema, "Mwalimu, tumeshaelewa." Nikashindwa kuendelea, Haji akanipokea somo.

Umeniomba nirudi nyumbani. Nitarudi, lakini si sasa. Nikiondoka leo, nitaogopa upepo maisha yangu yote.

Nisalimie dada na wanawe. Mwambie baba mdogo nimepata shuka alilonitumia. Shangazi wa Kimandolu mpe pole ya kuuguza, na mchungaji mshukuru kwa kwenda kuzika.

Hili la mwisho mwambie mama Loserian mkiwa wawili tu. Kwenye gari la kwenda hospitali kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Alikuwa anaongea Kimaasai, polepole, kama mtu anayeeleza safari yake. Mimi lugha yao sikujifunza, ingawa tumekua nao ukuta kwa ukuta. Nilikuwa naitikia tu, "Ndiyo, ndiyo." Neno moja nililijua, kwa sababu tangu utotoni nilimsikia akiita hivyo kutoka upande wa pili wa ua. Yeyo. Alilisema mara nyingi, kisha akanyamaza. Mwambie mwanawe alikuwa anamwita yeye, na kwamba mtu wa nyumbani alikuwepo wa kuitika.

Mwanao,
Eliwaza