Jaribio la Riwaya Ambayo Sikuimaliza

Jumatatu, 2 Februari
Nimefungua duka mapema. Zipu mbili, pindo la sketi ya shule, basi. Saa kumi nikafunga nikaenda darasani. Sisi watu wazima tunasomea nyuma ya kanisa, hapa Suna, mjini Migori, kwenye viti vya watoto wa shule ya Sabato. Magoti yanagusa meza.

Mwalimu Chacha ametangaza jaribio la riwaya Jumatatu ijayo. Kitabu kizima. Atakayeanguka hafanyi mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, atangojea kundi la mwaka ujao. Amesema hayo akifuta ubao, hata hakutugeukia. Ni mdogo kuliko kitinda mimba wetu, lakini nikimwona naketi wima.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, nikiwa na mimba ya Achieng. Sasa Achieng mwenyewe yuko kidato cha nne. Tunasoma kitabu kimoja, yeye shuleni kwao, mimi hapa. Tutafanya mtihani mwaka mmoja. Hapendi. Majirani wanamwuliza kama tutakuwa tunaibiana majibu.

Nimefika sura ya nne. Ni hadithi ya mjane anayeitwa Sikudhani. Shemeji yake anataka kumnyang'anya shamba, wamefika kortini. Kiswahili chake ni kigumu. Ukurasa mmoja nausoma mara mbili.

Jumanne, 3 Februari
Sura ya tano, ya sita. Mteja amenikuta nasonya, akadhani ni yeye. Nilikuwa namsonya shemeji.

Jumatano, 4 Februari
Shimo la dhahabu limeporomoka Masara. Mwanamume mmoja amefia ndani. Familia yake imekuja dukani leo. Wanataka magauni ya wanawake wa boma lote, kitambaa kimoja, mazishi ni Jumapili. Kesho kutwa jua likitua Sabato inaingia, na mimi sishoni Sabato. Kwa hivyo nina kesho na Ijumaa.

Nimekubali. Mke wa marehemu alikuja mwenyewe kupimwa. Nikamwambia ainue mikono, akainua, akasahau kuishusha. Nikamshushia. Mtu kama huyo unamwambia nini, kwamba una kitabu cha kusoma?

Alhamisi, 5 Februari
Kushona. Darasani sikwenda. Riwaya iko mahali fulani chini ya vitambaa.

Achieng alipita akitoka shule, akanisaidia kukata nyuzi. Akasema, "Mama, mimi niko na mwongozo. Uko na kila kitu, wahusika, maudhui, hata maswali. Soma huo tu."
Nikamwambia mwalimu amesema kitabu.
"Hakuna mtu husoma kitabu, Mama."
Nilidhani anatania.

Kusema kweli nilitamani. Lakini nimeanza na huyu Sikudhani tangu akiwa bibi harusi. Sitaki kuambiwa habari zake na mtu mwingine.

Ijumaa, 6 Februari
Nimemaliza jua likiwa bado juu kidogo. Mjane amekuja kuchukua na dada zake. Akavaa gauni lake hapo hapo, akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema limemkaa vizuri. Kisha uso ukabadilika, nadhani aliona aibu kwa kulisema. Wakaenda.

Mgongo unauma. Sijasoma hata mstari.

Jumapili, 8 Februari
Jana Sabato, kitabu cha darasa sikukishika. Leo Lambwe, kwa mama yangu. Mguu wake umevimba tena, nilikuwa nimemwahidi. Nimemchemshia maji, nimemkanda, kisha nikakaa naye jikoni nikafungua kitabu. Akauliza kuna nini humo ndani. Nikamsimulia kwa Dholuo tangu mwanzo. Mama hajui kusoma lakini kesi za mashamba anazijua zote za bonde hili. Kila mara alinikatiza kuuliza mashahidi ni kina nani.

Nilipofika pale nilipoishia akasema, "Atashinda huyo. Kisha atajenga pale pale, karibu na kaburi la mume wake. Mwanamke aende wapi tena?"

Nikaona ni kweli. Tukaongea habari nyingine. Kurudi Migori nilikuwa nimechoka kabisa. Sura za mwisho sijazigusa. Ninaogopa.

Jumatatu, 9 Februari
Jaribio. Maswali ya kwanza niliyajua, niliyaandika bila kusimama. La mwisho ndilo lenye alama nyingi: eleza uamuzi wa Sikudhani baada ya kushinda kesi, na sababu zake.

Kwa hivyo ameshinda. Hilo tu ndilo nililopata kwenye lile swali.

Ningeacha wazi. Mama Robi, tunayekaa naye meza moja, aliacha wazi, nilimwona. Mimi nikaandika alivyosema mama. Nikamjengea Sikudhani nyumba ya mabati. Nikampandia mtama upande wa chini, ambako maji hutuama. Nikafyeka kaburi la mume wake. Ukurasa ukajaa nikageuza. Sababu nilizitoa nyingi, na zote niliziamini.

Nilifurahi nikiandika. Nilipotoka nje ndipo nikashikwa na aibu.

Jumatano, 11 Februari
Nimeanguka.

Mwalimu Chacha aliniita nje, karibu na tangi la maji.
"Mama Achieng, umeandika vizuri sana. Lakini kitabu ulichoandika hakipo."
Nikaukaza mfereji wa tangi uliokuwa ukivuja.
"Hukumaliza."
"Sikumaliza, Mwalimu."
"Mbona hukuniambia mapema?"
"Ungesema nini?"
Akafikiri. "Ningesema ukasome."

Akaongeza kwamba Mama Robi pia ameanguka. Akinipitisha mimi kwa sababu ya insha tamu, atamwambia nini mwenzangu? Sikumtajia magauni. Ningekuwa naombea alama kwa kifo cha watu. Akasema si adhabu, mwaka ujao si mbali. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nadhani naye hakuipenda kazi hiyo.

Nimekasirika. Kwanza na yeye, kisha na mimi. Miaka hii yote nilingoja, halafu nikashindwa na sura za mwisho.

Nyumbani nikamwambia Achieng kwamba atafanya mtihani peke yake. Akasema pole. Lakini kabla ya pole alishusha pumzi, na mimi nikaisikia. Hiyo imeniuma kuliko mtihani.

Alhamisi, 12 Februari
Duka. Kola ya shati. Sikufungua kitabu. Achieng hakuongea nami asubuhi, mimi pia sikuongea naye.

Ijumaa, 13 Februari
Nimesoma hadi mwisho, mchana, duka likiwa tupu.

Sikudhani anashinda kesi, halafu analiuza shamba. Anachukua watoto anaenda mji mwingine kabisa. Kaburi analiacha. Nilikasirika na kitabu, nikakifunga. Baadaye nikarudia ule ukurasa. Anasema amechoka kuwa mlinzi wa kitu ambacho kila mtu anakitaka, na watoto wake hawatakuwa walinzi. Nikamkumbuka yule mjane wa Masara na gauni lake. Sijui yeye atafanya nini. Hakuna wa kumwuliza swali hilo kwa alama.

Nimempigia mama simu kumweleza.
"Amemwacha mzee wake peke yake pale?"
"Ndiyo, Mama."
"Na watoto?"
"Ameenda nao."
"Basi," akasema, na kuniuliza kama nimekula.

Jumapili, 15 Februari
Achieng amekuja dukani mchana, bila kuitwa. Akapanga vipande vya vitambaa ambavyo havikuhitaji kupangwa. Kisha akasema kwamba Ijumaa mwalimu wao aliuliza Sikudhani alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuolewa, na hakuna aliyeinua mkono. Kwenye mwongozo hilo halimo.
"Mimi sijawahi kusoma kile kitabu, Mama. Hata ukurasa."
Nikamwambia kiko pale kwenye dirisha.
Akakaa nacho mkononi. "Ile siku uliniambia, sikufurahi kwamba umeanguka."
"Ulifurahi kidogo."
"Kidogo."

Nikaendelea kutia vifungo kwenye sare ya kwaya. Akaanza kusoma kwa sauti, ile sura ya harusi. Anasoma haraka sana, anameza maneno. Nikamwambia polepole. Palipokuwa na neno ambalo sote wawili hatulijui, tuliliruka.

Mvua ikaanza. Mabati yakapiga kelele, sikumsikia tena. Akasogeza kiti hadi kwenye cherehani, akaendelea.