Vifungo Sita vya Mzee Sabiti

Alhamisi, 5 Oktoba 2023

Vifungo vimepotea tena! Vyeupe, vya mashati ya shule, vilikuwa kwenye kopo pembeni ya cherehani. Juzi viwili, leo vinne. Nimekung'uta vitambaa vyote — hakuna. Mteja wa Kaniha anasubiri mashati matatu na mimi natambaa sakafuni.

Baba yuko sebuleni na koti lake juu ya kanzu, joto lote hili. Tangu kiharusi cha Ramadhani hasemi neno. Mkono wa kulia umelala, wa kushoto mzima. King'amuzi kilikuwa kwenye mchezo fulani wa Wazungu, wanakimbizana na vibao. Nikataka kubadilisha. Akanitazama vibaya! Miezi hii yote hajanitazama hivyo. Nikaacha, nikarudi kutafuta vifungo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mwizi nimempata. Ni Baba.

Nilikuwa nampelekea uji. Mkono wa kushoto ukaingia mfuko wa kushoto wa koti, ukatoa kifungo, ukavuka tumbo polepole, ukakitia mfuko wa kulia. Ukatulia. Akatazama TV. Halafu kingine. Kikifika cha sita anavirudisha vyote kushoto, anaanza upya. Nimehesabu raundi nane, uji ukapoa.

Kwa nini sita? Ingekuwa tasbihi si ingekuwa thelathini na tatu? Nimemwambia Shangazi Mwanaisha, dada yake Baba, anakaa nyumba ya pili. Kasema tusitoe nje habari hizi, tusome Yasini. Sawa, tusome. Lakini mimi nataka kujua kwanza.

Jumapili, 15 Oktoba

Aibu ya leo sijui niifiche wapi. Waafghani wanacheza na Waingereza, mchezo ule ule wa vibao. Mara Baba kainua kidole cha shahada, juu kabisa, kakiacha hapo. Shangazi yuko mlangoni. Kadhani kaka yake anakata roho! Wala hakujali kwamba mkono ni wa kushoto. Kaanza kumtamkisha shahada kwa sauti, kanituma maji ya zamzam, majirani wakajaa, mtu kakimbia kumwita imamu.

Baba akashusha kidole. Akahamisha kifungo. Akatutazama wote akatuona wajinga.

Waafghani wameshinda. Nimejua kwa sababu walikuwa wanarukiana. Wanashindaje, sijui.

Jumatatu, 16 Oktoba

Habari ya shahada imeshafika Rusumo, mpakani. Kaka Khalidi, anayetoa mizigo forodhani, kapiga simu asubuhi. Ameshaongea na ndugu wa Tanga, watoto wa baba mdogo. Baba ahamishiwe huko. Kuna hospitali kubwa, kuna watu wengi wa kumwangalia, na mimi nipumzike. Nyumba hii ifungwe.

Nimwambie nini? Kwamba Baba aliondoka Tanga kijana, na maisha yake yote yako hapa Biharamulo? Kwamba Mama kazikwa hapa, na kila Ijumaa tunakokotana mpaka kaburini, yeye na fimbo, mimi kwapani? Nimeyasema yote. Nikamwambia basi tumuulize mwenyewe.

"Raya," akasema, "mtu anayehesabu vifungo haulizwi."

Nimelia. Nimemkasirikia na najua anampenda. Mimi bila Baba humu ndani nitakuwa nani? Fundi tu na cherehani yake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Siamini.

Iradukunda kaja kupimwa gauni. Anafanya kazi ofisi moja na Khalidi, ila alisomea Kigali. Kaingia, kampa Baba shikamoo, kasimama pale pale na futi yangu imemzunguka kiuno. Anamtazama tu. TV inaendelea, vifungo vinahama. Akaanza kucheka, mpaka akajishika mdomo.

"Dada, huyu mzee ni mwamuzi. Mwamuzi wa kriketi!"

Nikamkalisha, gauni likasubiri. Kumbe mrushaji anarusha mipira sita, hiyo inaitwa ova, halafu anarusha mwingine. Mwamuzi asipoteze hesabu anaweka vijiwe sita mfukoni, au sarafu, chochote. Mpira mmoja, kijiwe kimoja kinahama. Na kidole? Kidole kikipanda, mpigaji ametoka, aende zake. Kisipopanda anabaki, mchezo unaendelea, kijiwe kinahama. Yeye mwenyewe amecheza shuleni, anasema Rwanda wasichana wanacheza sana.

Baba mwamuzi? Lini? Wapi? Nimekaa juu ya rundo la vitambaa nikamtazama upya.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimefungua sanduku la bati. Chini kabisa, koti jeupe. Hilo tulikuwa tunalijua tangu utoto! Khalidi aliitangazia shule nzima kwamba Baba aliwahi kuwa daktari. Leo nimeangalia kwenye simu picha za zamani — waamuzi wote makoti meupe. Daktari wetu huyo!

Na daftari. Mwandiko wa Baba, umenyooka. Mwanza, Jumapili hii, Jumapili ile. Alikuwa karani wa pamba huko kabla hatujahamia hapa. Wahindi wa mjini walikosa mwamuzi wa pili, wakamfundisha yeye. Miaka minne! Hakutuambia. Au alituambia tukawa hatusikilizi.

Ukurasa mmoja wa Juni 1975: "Redio. New Zealand 309 kwa 5. Sisi 128 kwa 8." Sisi! Kapiga mstari. Sisi nani?

Nimetafuta kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe 309 ni alama, 5 ni wapigaji waliotolewa. Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Uingereza, mwaka huo huo. Ova sitini kila upande, yote siku moja, nguo nyeupe, mpira mwekundu. Timu nane. Na mojawapo — Afrika Mashariki! Wakenya, Waganda, Watanzania, Wazambia, timu moja. Mechi tatu, wakafungwa zote tatu. Na timu hiyo haikurudi tena kwenye kombe hilo. Baadaye Wakenya wakaenda peke yao, 2003 wakafika nusu fainali. Ova zikapunguzwa zikawa hamsini, nguo za rangi zikaja. Na hili nimelipigia mstari mimi: wanawake walikuwa na Kombe la Dunia lao 1973, miaka miwili kabla ya wanaume!

Nimemsomea Baba ukurasa ule. Nilipofika "Sisi" jicho lake moja likatoa chozi. Sikujua nifanye nini, nikamfuta kwa kipande cha shati la mteja.

Jumanne, 24 Oktoba

Jaribio. Mwamuzi wa kwenye TV akinyoosha mikono pande zote mbili, mpira ule ni mbaya, hauhesabiwi. Nimemvizia Baba saa nzima. Mipira mibaya minne. Mara zote nne mkono wake haukugusa mfuko! Hii ni akili iliyopotea?

Nikampigia Khalidi. Kasikiliza yote. Akasema vizuri, alikuwa na kazi ya Jumapili, sasa ni mgonjwa. Tarehe imepangwa, Jumamosi ya tarehe 11. Gari limepatikana.

Jumatatu, 6 Novemba

Baada ya adhuhuri. Sri Lanka na Bangladesh. Mpigaji wa Sri Lanka kaingia, kafika, kamba ya kofia yake ya chuma imekatika. Kaita kofia nyingine. Muda unakwenda. Kumbe sheria inampa dakika mbili tu awe tayari. Wabangladesh wakamwendea mwamuzi, wanadai mpigaji atolewe.

Sebuleni kwetu kidole kikapanda. Cha Baba! Mwamuzi wa kwenye TV bado anaongea nao, anawauliza kama kweli wamekusudia. Baba kidole juu, hakitikisiki. Halafu na yule naye akamtoa. Watangazaji wakapagawa — haijawahi kutokea katika historia yote ya mechi za kimataifa. Na Baba alijua kabla yao.

Nikampigia Iradukunda. Nina swali linaniwasha. Zile dakika mbili si zilikuwa zimepita, na mwamuzi anaona? Mbona alingoja?

Akasema ndiyo sheria. Mwamuzi hamtoi mtu mpaka aulizwe. Timu igeuke, ipaze sauti: Hauzati! Yaani, vipi hapo, mwamuzi? Hata kama ameona kwa macho yake, wasipouliza, ananyamaza.

"Hata akiwa na jibu?"

"Hata akiwa na jibu, dada."

Nimekata simu nimekaa. Tangu Ramadhani, nani amemuuliza Baba kitu? Shangazi ananiuliza mimi: amekula? Khalidi ananiuliza mimi: amelala? Daktari naye aliniuliza mimi, Baba amekaa katikati yetu. Na mimi, hodari wa kusema tumuulize mwenyewe — nimemuuliza lini? Namvalisha, namlisha, namgeuza. Sijamuuliza hata kama uji unamtosha. Nimeona haya sana.

Ijumaa, 10 Novemba

Tumetoka kaburini. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Nimeziba matundu ya nondo kwenye koti jeupe. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 11 Novemba, asubuhi

Naandika nimesimama, daftari juu ya cherehani. Gari liko mlangoni, linaunguruma. Begi la Baba limeshapakiwa. Shangazi analia ndani ya kanga.

Nilimvalisha koti jeupe alfajiri, vifungo vyake sita nikavitia mfuko wa kushoto. Khalidi alipofika akalitazama koti lile. Chai akanywa haraka. Halafu akaenda kumshika Baba mkono wa kulia. Baba alikuwa amesimama barazani, ameegemea nguzo, hataki kiti.

Nikasema ngoja, hajaulizwa. Khalidi akasema, Raya, tusianze tena.

Basi nikashuka barazani. Mbele ya dereva, mbele ya majirani, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, futi shingoni. Nikainua mikono yote miwili, nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Hauzati! Baba! Tanga — unatoka au hutoki?"

Baba akanyooka, akaiacha nguzo. Akanitazama mimi, akamtazama Khalidi, hakuharakisha. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda. Ukafika kwenye mfuko, ukaingia. Ukatoka na kifungo, ukavuka tumbo polepole, ukakitia mfuko wa kulia.

Kidole hakikupanda.

Khalidi anasema mzee hajajibu kitu. Ameshasema mara tatu sasa, kila mara sauti inapungua. Na ule mkono wa Baba aliokuwa anaushika, ameuachia. Dereva anauliza azime gari au asizime.

Vitano kushoto, kimoja kulia. Baba anatazama mbele, anasubiri mpira unaofuata.